Kusafisha Majitaka kwa Bakteria: Mwongozo wa Vichujio vya Mawe na Matangi ya Tope Hai

Majitaka ya majumbani ni maji kwa zaidi ya asilimia 99. Kinachobaki, yaani kinyesi, mkojo, mabaki ya chakula, sabuni na mafuta, ni kama gramu moja tu katika kila lita. Gramu hiyo moja inapoingia mtoni huwa chakula cha bakteria. Bakteria huzaliana kwa wingi, na katika kula huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji kwa kasi kuliko hewa inavyoweza kuirudisha. Samaki hukosa pumzi, maji hugeuka meusi na harufu ya mayai viza husambaa.

Mtambo wa kibayolojia hauzuii kazi hiyo ya bakteria. Huihamishia ndani ya tangi, ambako bakteria hupewa hewa ya kutosha na kuachwa wale kabla maji hayajafika mtoni. Kazi hii hufanywa kwa njia kuu mbili. Katika ya kwanza, bakteria hujishikiza kwenye mawe au vipande vya plastiki na kuwa utando, kisha majitaka hupitishwa juu yake. Katika ya pili, bakteria huelea ndani ya maji wakiwa wameshikana katika vibonge vidogo, hewa hupulizwa humo, na vibonge hivyo hutenganishwa na maji mwishoni. Mchanganyiko huo wa bakteria wanaoelea ndio tope hai. Bakteria wa njia hizi mbili wana asili moja. Tofauti iko katika mahali wanapoishi, namna wanavyopata hewa na kiasi cha usimamizi wanachohitaji.

Kipimo cha uchafu

Uchafu unaoweza kuliwa na bakteria hupimwa kwa kuangalia oksijeni wanayotumia kuula. Maabara huiweka sampuli gizani kwa siku 5 katika nyuzi joto 20 za Selsiasi na kupima oksijeni iliyopungua. Matokeo huandikwa BOD, kwa miligramu za oksijeni kwa lita. Mtu mmoja hutoa takriban gramu 40 hadi 60 za BOD kwa siku. Majitaka ghafi ya mji huwa na miligramu 200 hadi 400 kwa lita, na penye uhaba wa maji kiwango hupanda zaidi, kwa sababu uchafu uleule huwa umechanganywa na maji machache.

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha BOD cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka kikomo hichohicho. Kwa hiyo mtambo unaopokea majitaka yenye BOD ya miligramu 400 ni lazima uondoe zaidi ya asilimia 92 ya uchafu huo. Kutuamisha maji peke yake huondoa karibu asilimia 30 tu. Sehemu kubwa iliyosalia ni kazi ya bakteria.

Hatua zinazotangulia

Bakteria hawali matambara, mifuko ya plastiki, mchanga wala chuma. Ndiyo maana mtambo huanza na wavu wa vyuma unaozuia takataka kubwa, kisha mfereji wa polepole ambamo mchanga huzama. Penye jiko kubwa, kama vile hoteli, hospitali au shule ya bweni, mtego wa mafuta huwekwa kabla maji ya jikoni hayajaungana na ya vyooni. Mafuta yakiingia kwenye mtambo hufunika utando wa bakteria hewa isipite, na kwenye tope hai hulea bakteria wa aina ya nyuzi wanaoleta povu zito.

Baada ya hapo majitaka hukaa saa 2 hivi kwenye tangi la kutuamisha la kwanza, ili vitu vizito vizame na vyepesi vielee. Kwa taasisi ndogo, tangi lenye vyumba viwili au vitatu, lililojengwa kama karo la kawaida, hufanya kazi hiyo. Hatua hii ni ya lazima kwa kichujio cha mawe, kwani bila hiyo mawe huziba. Kwa tope hai linalopewa hewa kwa muda mrefu, hatua hii inaweza kurukwa.

Utando juu ya mawe

Kichujio cha mawe kilianza kutumika Uingereza, mjini Salford, mwaka 1893. Hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Ni tangi la duara lenye kina cha mita 1.5 hadi 2.5, lililojazwa mawe magumu yenye upana wa milimita 50 hadi 100. Juu yake huzunguka mikono ya mabomba yenye matundu. Maji yanayotoka kwa nguvu kwenye matundu huisukuma mikono hiyo kinyumenyume, hivyo haihitaji mota. Majitaka hunyunyiziwa juu ya mawe, huteremka kwa matone na kutokea chini kwenye sakafu yenye mifereji. Hewa hupanda au kushuka katikati ya mawe yenyewe, kwa sababu ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje.

Jina la kichujio linaweza kupotosha. Mawe hayachuji kitu, kwa kuwa nafasi kati yake ni kubwa mno. Kazi hufanywa na utando laini unaoteleza, wenye unene wa sehemu ya milimita hadi milimita 2 hivi, unaoota juu ya kila jiwe. Oksijeni hupenya sehemu ya juu tu ya utando huo, na bakteria walio ndani zaidi huishi bila hewa. Utando unapozidi kunenepa, wale wa ndani hukosa chakula, hulegea, na kipande kizima hubanduka na kwenda na maji. Kubanduka huku ni jambo la kawaida na la lazima. Kwa sababu hiyo kila kichujio hufuatiwa na tangi la pili la kutuamisha, la kunasa vipande hivyo. Kichujio kisicho na tangi la pili hutoa maji machafu hata kama utando wake una afya.

Jedwali la mhandisi lina namba mbili kuu. Ya kwanza ni mzigo wa uchafu: kichujio cha kasi ndogo hupewa kilo 0.08 hadi 0.32 za BOD kwa siku kwa kila mita ya ujazo ya mawe. Ya pili ni mzigo wa maji: mita za ujazo 1 hadi 4 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya uso wa kichujio. Maji yakiwa machache mno, mawe ya juu hukauka na inzi wadogo huzaliana. Uchafu ukizidi, utando hunenepa hadi kuziba njia, na madimbwi hutokea juu ya mawe. Njia ya kusawazisha ni kurudisha sehemu ya maji yaliyokwisha kupita ili yapite tena. Maji yanayorudishwa hulowesha mawe, hupunguza ukali wa majitaka mapya na huleta oksijeni.

Mawe yanaweza kubadilishwa kwa plastiki iliyokunjwa. Mita moja ya ujazo ya mawe ina eneo la mita za mraba 40 hadi 70 la kuotea utando. Plastiki ina 90 hadi 150, na zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni nafasi ya hewa. Kwa kuwa ni nyepesi, plastiki inaweza kupangwa kwa kimo cha mita 6 au zaidi pale ardhi ilipo ghali.

Afrika Mashariki inaifahamu njia hii kwa muda mrefu. Mtambo wa Kariobangi jijini Nairobi ulijengwa kwa vichujio vya aina hii. Mtambo mpya wa Bugolobi jijini Kampala, uliojengwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, pia hutumia vichujio vya matone, na gesi inayotokana na tope lake huzalisha umeme.

Utando una sura nyingine mbili. Moja ni sahani za plastiki zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, zilizozama kiasi cha asilimia 40, zikizunguka polepole mara moja au mbili kwa dakika. Utando hula ukiwa majini na kupumua ukiwa hewani. Udhaifu wa mfumo huu uko kwenye mhimili: utando ukinenepa kupita kiasi, uzito huukata. Sura ya pili ilianzishwa Norwei mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vidogo vya plastiki huelea ndani ya tangi linalopulizwa hewa, na wavu huvizuia visitoke. Njia hii huchukua eneo dogo sana, lakini hutegemea umeme saa zote kama tope hai.

Tope hai

Tarehe 3 Aprili 1914, Edward Ardern na William Lockett waliwasilisha mjini Manchester matokeo ya majaribio yao ya mtambo wa Davyhulme. Watafiti wa kabla yao walikuwa wakipuliza hewa kwenye majitaka, kisha kuyamwaga yote na kuanza upya. Ardern na Lockett walimwaga maji yaliyosafika tu, wakalibakiza tope lililozama chini na kuliongezea majitaka mapya. Mara ya kwanza usafishaji kamili ulichukua wiki 5 hivi. Kadiri tope lilivyoongezeka kila mzunguko, muda ulipungua hadi chini ya siku moja. Matangi yote ya tope hai yaliyopo duniani leo yanafuata kanuni hiyo ya kulibakiza tope.

Mtambo wa kawaida wa aina hii una viungo vinne visivyotengana. Cha kwanza ni tangi la hewa. Cha pili ni mashine ya kuingiza hewa, ama kwa kuyapiga maji usoni au kwa kupuliza viputo kutoka chini. Cha tatu ni tangi la kutuamisha, ambamo vibonge vya bakteria huzama na maji safi hupita juu ya ukingo. Cha nne ni pampu ya kurudisha tope kwenye tangi la hewa. Tope linalorudishwa kwa kawaida ni nusu ya maji yanayoingia au hata sawa nayo. Pampu hiyo ikizimika kwa saa kadhaa, bakteria wote huhamia kwenye tangi la kutuamisha, huoza humo na hatimaye humwagika na maji.

Ukubwa wa mtambo huamuliwa na uwiano wa chakula na walaji: kilo za BOD zinazoingia kwa siku, zikigawanywa kwa kilo za tope zilizo ndani ya tangi. Katika mtambo wa kawaida wa mji uwiano ni 0.2 hadi 0.5, na maji hukaa saa 4 hadi 8. Katika mtambo wa hewa ya muda mrefu, unaopendwa na taasisi ndogo, uwiano ni 0.05 hadi 0.15, na maji hukaa saa 18 hadi 36. Bakteria wenye chakula kichache hulana wenyewe kwa wenyewe, hivyo tope la ziada huwa pungufu na halinuki sana. Gharama yake ni umeme mwingi zaidi.

Mhandisi wa Uholanzi, Aale Pasveer, aliurahisisha mfumo huu miaka ya 1950 kwa kutumia mfereji wenye umbo la uwanja wa mbio. Ndani yake, brashi kubwa linalozunguka huingiza hewa na kuyasukuma maji yazunguke bila kukoma. Mtindo mwingine hutumia tangi moja kwa zamu: kujaza, kupuliza hewa, kutuamisha, kisha kumwaga maji ya juu. Huu hauhitaji tangi la pili wala pampu ya kurudisha tope, lakini unahitaji vali na saa za kuendeshea ambazo hazikosei.

Joto, mwinuko na nitrojeni

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa nchi za baridi. Huku kwenye joto, mambo mawili hubadilika.

La kwanza ni oksijeni. Maji safi ya usawa wa bahari yenye nyuzi 20 hubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa, hubeba takriban 7.6 tu. Nairobi, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na kiwango hushuka kwa karibu asilimia 18 kulinganisha na pwani kwa joto lilelile. Mashine ya hewa iliyonunuliwa kwa kipimo cha kiwandani, ambacho ni maji safi ya nyuzi 20 usawa wa bahari, haiwezi kutoa kiwango hicho katika mtambo halisi. Muuzaji aulizwe mashine itatoa kilo ngapi za oksijeni mahali itakapofungwa.

La pili ni nitrojeni. Bakteria fulani hugeuza amonia ya mkojo kuwa nitrati. Katika baridi hukua polepole, na mtambo lazima utunze tope kwa siku nyingi ili kuwapata. Katika joto hukua haraka na hujitokeza hata pasipokusudiwa. Kila gramu ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula gramu 4.57 za oksijeni na kumaliza gramu 7.14 za ualkali. Mtambo ambao haukukadiria hayo huishiwa hewa, na penye maji laini pH yake hushuka. Nitrati inapofika kwenye tangi la kutuamisha lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi ya nitrojeni, viputo hunasa kwenye tope, na mabonge huibuka juu.

Tiba yake ni rahisi na hupunguza bili. Mashine ya hewa huzimwa kwa vipindi vilivyopangwa, kwa mfano nusu saa kila baada ya saa moja na nusu, ili nitrati iliwe ndani ya tangi la hewa lenyewe kabla ya kufika kwenye tangi la kutuamisha. Bakteria hutumia oksijeni iliyomo ndani ya nitrati, na karibu nusu ya ualkali uliopotea hurudi. Tope lisipokorogwa wakati hewa imezimwa huzama, hivyo vipindi visiwe virefu.

Hesabu ya mfano

Shule ya bweni yenye watu 800 hutumia maji lita 80 kwa mtu kwa siku. Majitaka ni mita za ujazo 64 kwa siku. Kwa gramu 40 za BOD kwa mtu, mzigo ni kilo 32 kwa siku, sawa na miligramu 500 kwa lita.

Kwa kichujio cha mawe, kutuamisha kwa kwanza huondoa asilimia 30, hivyo zinabaki kilo 22.4. Kwa mzigo wa kilo 0.2 kwa mita ya ujazo, yanahitajika mawe ya mita za ujazo 112. Kina kikiwa mita 2, eneo ni mita za mraba 56, yaani duara la kipenyo cha mita 8.4 hivi. Maji yanayoingia yanagawanyika kuwa mita 1.14 za ujazo kwa kila mita ya mraba kwa siku. Yakirudishwa mara moja yanakuwa 2.3, na yote mawili yamo ndani ya mipaka. Pampu inayoinua mita za ujazo 128 kwa kimo cha mita 4, kwa ufanisi wa asilimia 50, hutumia takriban uniti 3 za umeme kwa siku. Penye mteremko wa kutosha, maji hushuka yenyewe na umeme wa kuinulia hauhitajiki, isipokuwa wa maji yanayorudishwa.

Kwa tope hai la hewa ya muda mrefu, kilo zote 32 huingia. Kwa uwiano wa 0.1, yanahitajika tope kilo 320. Kwa msongamano wa kilo 3.5 kwa mita ya ujazo, tangi ni la mita za ujazo 91, na maji hukaa humo saa 34. Oksijeni inayohitajika ni takriban kilo 2 kwa kila kilo ya BOD, yaani kilo 64 kwa siku. Mashine inayotoa kilo 1.2 za oksijeni kwa uniti moja itatumia uniti 53 kwa siku, sawa na uniti 1,600 hivi kwa mwezi.

Mifumo hii miwili huhudumia watu walewale, lakini mmoja hutumia umeme zaidi ya mara 15 ya mwingine. Tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kuwekwa mezani kabla ya kusaini mkataba wa ujenzi.

Kuchagua

Kichujio cha mawe kinafaa penye ardhi ya wastani, mteremko na fundi mmoja asiye na maabara. Huvumilia mzigo wa ghafla na kukatika kwa umeme kwa saa chache. Huhitaji tangi la kwanza, na maji yake kwa kawaida hayang'ai kama ya tope hai linaloendeshwa vizuri.

Tope hai linafaa penye eneo dogo, viwango vikali vya maji yanayotoka, umeme wa uhakika pamoja na jenereta, na mwendeshaji anayefika kila siku. Hoteli ya ufukweni yenye kiwanja kidogo inaweza kukosa njia nyingine. Taasisi isiyoweza kulipa umeme wa mashine ya hewa mwezi baada ya mwezi isijenge tope hai, hata likitolewa kwa msaada.

Penye ardhi nyingi na bei ndogo, mabwawa ya kutulia, kama yale ya Ruai nje ya Nairobi, hubaki kuwa mshindani wa mifumo yote miwili. Hayahitaji mashine, na huua vimelea vizuri zaidi.

Kuanzisha mtambo

Utando huota wenyewe katika wiki chache baada ya majitaka kuanza kunyunyiziwa, na mtambo hufikia uwezo wake baada ya mwezi mmoja au miwili. Tope hai huanza haraka zaidi likipandikizwa: gari la kunyonya majitaka huleta tope la ziada kutoka mtambo mwingine wenye afya. Tope la karoni halifai kwa kupandikiza, kwani bakteria wake wamezoea kuishi bila hewa. Katika siku za mwanzo povu jeupe huonekana kwa sababu tope bado ni changa. Hupungua lenyewe, na tope halipunguzwi mpaka lifike msongamano uliokusudiwa.

Shule zinapofungwa, chakula cha bakteria hukoma. Kichujio huendelea kuzungushiwa maji yaleyale ili utando usikauke. Kwenye tope hai, hewa hupunguzwa hadi saa chache kwa siku, na tope halitolewi mpaka wanafunzi warudi.

Kazi za kila siku

Kipimo chenye faida kuliko vyote ni cha kuzama kwa tope, nacho hakihitaji umeme. Silinda ya lita moja hujazwa mchanganyiko kutoka tangi la hewa na kuachwa dakika 30 bila kutikiswa. Mililita za tope lililozama husomwa, huzidishwa kwa 1,000 na kugawanywa kwa msongamano wa tope kwa miligramu kwa lita. Tope likifika alama ya 350, na msongamano ukiwa 3,500, jibu ni 100. Majibu kati ya 80 na 150 ni mazuri. Yakipita 200, tope limevimba na litaanza kutoroka na maji. Silinda ikiachwa zaidi ya saa moja na tope likaibuka, hiyo ni dalili ya nitrati.

Oksijeni ndani ya tangi la hewa hutunzwa kwenye miligramu 1.5 hadi 2 kwa lita. Chini ya hapo bakteria nyuzi hustawi, na juu ya 3 ni kuchoma umeme bure. Tope zuri lina rangi ya kahawia na harufu ya udongo uliolowa. Tope jeusi lenye harufu kali limekosa hewa. Povu zito la kahawia lenye mafuta ni alama ya tope lililozeeka au mtego wa mafuta usiosafishwa.

Tope la ziada hutolewa kidogokidogo kila siku. Kwa mfano wa shule hapo juu, tope linalotakiwa kukaa siku 20 hutolewa kilo 16 kwa siku. Njia isiyohitaji maabara ni kutoa moja kwa moja kutoka tangi la hewa sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, yaani mita za ujazo 4.6. Kosa la kawaida katika mitambo midogo ni kutotoa kabisa. Tope hujaa, tangi la kutuamisha hufurika, na mvua kubwa ya kwanza huukokota mtambo mzima mtoni.

Kwenye kichujio, mwendeshaji husafisha matundu ya mikono, huhakikisha inazunguka bila kukwama, hutoa tope kwenye matangi yote mawili na kuondoa majani juu ya mawe.

Matatizo na tiba

Madimbwi juu ya mawe hutibiwa kwa kuyachokonoa na kuyaosha kwa maji ya nguvu, kisha kupunguza mzigo au kuongeza maji yanayorudishwa. Inzi wa kichujio hupungua maji yakiongezwa. Kichujio chenye kuta imara kinaweza kufurikishwa kwa siku moja ili kuua mabuu.

Tope lililovimba lina visababishi vitatu vya kawaida: oksijeni ndogo, majitaka yaliyooza kabla ya kufika, na upungufu wa nitrojeni au fosforasi. Uwiano unaohitajika ni sehemu 100 za BOD kwa 5 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Majitaka ya vyooni huutimiza, lakini ya viwanda vya vinywaji au matunda mara nyingi hupungukiwa. Klorini kwenye tope linalorudishwa huua bakteria nyuzi, ila ikizidi huua na waliobaki.

Mtambo unapokufa ghafla, sumu huwa imemwagwa: dawa ya kuua vijidudu kutoka wodini, klorini ya bwawa la kuogelea, au kemikali za maabara. Chanzo hufungwa kwanza, ndipo tope jipya huletwa.

Tope, vimelea na usalama

Tope linalotolewa hukaushwa kwenye vitanda vya mchanga, kwa tabaka la sentimita 20 hadi 30. Wakati wa kiangazi huwa limekauka vya kutosha kuzolewa kwa koleo baada ya wiki mbili au tatu. Kukauka hakuui mayai ya minyoo, ambayo yanaweza kuishi kwa miezi mingi, hivyo tope bichi halipelekwi kwenye bustani za mboga zinazoliwa mbichi.

Maji yanayotoka yakiwa maangavu bado yana bakteria wa kinyesi kwa maelfu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa bila kupikwa. Kufikia hapo huhitaji bwawa la kukomaza maji au klorini mwishoni.

Mashimo ya pampu na chemba hukusanya gesi ya salfidi ya hidrojeni. Ikiwa kidogo hunuka, ikizidi huua hisia ya kunusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Hakuna anayeshuka peke yake, wala bila kupima hewa, kufunga kamba na kuwa na watu wawili juu. Aliyezimia ndani hafuatwi na mwenzake asiye na kifaa cha kupumulia. Tangi la hewa huzungushiwa uzio na kutundikwa maboya, kwa kuwa maji yaliyojaa viputo hayamwinui mtu kama maji ya kawaida.

Daftari la mtambo huandikwa kila siku: kiasi cha maji, kipimo cha silinda, oksijeni, tope lililotolewa na uniti za umeme. Mtambo wenye daftari huonyesha ugonjwa wiki moja au mbili kabla ya maji kuchafuka, na huo ndio muda wa kuuponya. Usio na daftari hujulikana kuwa umeharibika siku wanaotumia mto wanapolalamika.